Kadi ya mama imeandikwa mwisho 2022: achanjwe tena kabla ya Hija?

Swali: "Assalamu alaykum daktari. Mimi ni Mama Shamimu, naandika kutoka Bombo, Uganda. Mungu akipenda nampeleka mama yangu Hija, na ndege yetu ni baada ya siku 23. Mama ana miaka 71, ana sukari na presha, anameza tembe. Kadi yake ya njano, ile ya chanjo ya homa ya manjano, ni ya 2012, enzi zile akipeleka bidhaa Juba, na imeandikwa kwamba inakwisha 2022. Mimi nina miaka 44 na sina kadi kabisa. Mtu mmoja wa kundi letu anasema lazima mama achomwe upya, na kama anaogopa sindano kuna mahali tutapewa kadi zote mbili bila kuchomwa, tulipe tu. Mwingine anasema sindano mbili siku moja zinaua wazee. Tufanye nini, na chanjo tunazohitaji hasa ni zipi?"

Waalaykum salaam, Mama Shamimu, na salamu zimfikie mama. Umeniita daktari, mimi ni muuguzi, kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kuchanja wasafiri. Pale penye jambo la daktari nitakuambia mpelekeni kwa daktari. Mengine nimeyashika kwa mikono yangu.

Nianze na habari njema: kadi ya mama haijaisha. Zamani chanjo ya homa ya manjano ilihesabiwa miaka 10, ndiyo maana muuguzi wa 2012 akaandika tarehe ya mwanzo na ya mwisho. Baadaye Shirika la Afya Duniani liliona kwamba dozi moja inatosha kumkinga mtu maisha yake yote, Kanuni za Afya za Kimataifa zikarekebishwa, na tangu tarehe 11 Julai 2016 kadi hiyo inatumika kwa uhai wote wa mwenye nayo. Rekebisho hilo halikuwahusu waliochanjwa baada ya siku ile tu. Linafunika na kadi za nyuma, hata iliyoandikwa mwisho 2022. Saudia nao ndivyo wanavyoipokea. Huyo anayesema mama achomwe upya kwa sababu ya tarehe anafuata kanuni iliyokwisha kuzikwa.

Ila nawaomba, msiiguse hiyo tarehe. Aliwahi kuja kwangu mzee mmoja, msafi, kanzu imepigwa pasi, kadi yake ameifunga ndani ya nailoni. Nilipoifungua nikaona wino mweupe wa kufutia juu ya mwaka, na juu yake mwaka mpya kwa kalamu ya bluu. Mjukuu wake ndiye aliyemfanyia hivyo kwa mapenzi mema. Chanjo ya mzee ilikuwa halali, kanuni ilikuwa upande wake, lakini kadi yenyewe imeandikwa kwamba ikifutwa au kubadilishwa chochote inaweza kukataliwa. Ikatubidi tulifukue jina lake katika rejesta ya miaka iliyopita ndipo tukamwandikia nyingine yenye tarehe ileile ya zamani. Bahati yake rejesta ilikuwepo, panya hawakuwahi kuifikia.

Sasa kuna swali la kumuuliza mama, na umuulize mkiwa wawili tu, si mbele ya wajukuu. Siku ile ya 2012, alichomwa kweli?

Usinielewe vibaya. Wafanyabiashara wengi wa njia ya Juba walichanjwa sawasawa. Lakini wapo walionunua kadi alfajiri kituoni, kwa sababu lori linaondoka, nyanya zinaiva, na mpakani wanaitaka kadi. Sisi tuliokuwa kazini miaka ile tunajua. Kanuni ya maisha yote ni ya sindano iliyoingia begani; karatasi tupu haipati maisha yote kwa sababu imezeeka. Muulize kama anakumbuka kichupa chenye unga mkavu kikichanganywa na maji yake, sindano fupi juu ya mkono, pengine uchovu na kichwa kuuma siku chache baadaye. Kisha kaeni nje kwenye mwanga muitazame kadi: jina lake, tarehe, jina la chanjo, namba ya bechi, sahihi ya aliyechanja, muhuri wa kituo. Pakikosekana kimojawapo, nendeni kwenye kituo kile wakatazame rejesta yao.

Akisema alichomwa, na kadi imetimia, basi upande wa homa ya manjano mama amemaliza. Asichomwe tena "kwa usalama". Katika umri wake hakuna usalama anaouongeza.

Akisema hakuchomwa, hapo ndipo mpelekeni kwa daktari kabla hamjaja kwetu, na nitakueleza kwa nini. Chanjo ya homa ya manjano ina kirusi hai kilichodhoofishwa. Ni kizazi kilekile cha 17D alichokitengeneza Max Theiler na wenzake miaka ya 1930, kikampatia tuzo ya Nobel mwaka 1951. Ni miongoni mwa chanjo bora tulizo nazo, lakini kwa mtu aliyepita miaka 60 anayechanjwa kwa mara ya kwanza, kuna hatari ndogo ya kirusi hicho kuzaana kupita kiasi na kushambulia ini na viungo vingine. Inahesabiwa kwa mtu mmoja au wachache katika dozi 100,000, na inapanda kadiri umri unavyopanda. Ni ndogo, lakini haifanani na ya kijana wa miaka 20, na mwenye mama ana haki ya kuijua.

Sukari na presha havimzuii kuchanjwa. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni mfuko wa dawa. Wazee wetu wengi wana tembe za "maumivu ya viungo" walizouziwa dukani zikiwa zimefungwa kwenye kikaratasi, hazina jina. Ukizichunguza unakuta ni prednisolone, dawa inayoshusha kinga ya mwili, na juu ya hayo inapandisha sukari. Anayemeza hiyo kwa muda mrefu hachomwi chanjo hai hivihivi. Kwa hiyo mama aende na dawa zote: za hospitali, za duka, za jirani, hata za mganga. Daktari ataangalia hayo, atamuuliza kuhusu mzio mkali wa mayai na kama amewahi kuugua tezi ya kifuani, kisha mtaamua pamoja. Akiona hafai kuchanjwa, anaweza kumwandikia barua rasmi ya kumsamehe kwa sababu za kiafya, lakini si kila nchi inalazimika kuipokea barua hiyo. Lazima wakala wenu wa Hija aulize upande wa Saudia kabla ya siku ya ndege, awape jibu la maandishi.

Wewe, Mama Shamimu, mambo yako ni mepesi: nenda wiki hii. Kadi yako itaanza kutambuliwa siku ya 10 baada ya sindano. Una siku 23, kwa hiyo ukihesabu kwa vidole utajiambia bado unazo 13 za kuchezea. Usizichezee. Kichupa cha chanjo hii kwa kawaida ni cha watu kadhaa, na kikishachanganywa ni saa 6 tu, kilichobaki kinamwagwa. Ndiyo maana vituo vingine hukusanya watu, na utaambiwa rudi Jumatano. Jumatano ukifika umeme ulikatika usiku, friji halikukaa kati ya nyuzi 2 na 8, wanasubiri chanjo nyingine. Siku 13 huyeyuka hivyohivyo. Ukiwa pale, mtazame muuguzi akinakili namba ya bechi kutoka kwenye kichupa kwenda kwenye kadi. Hatakuona mjuaji, mimi huwapenda wanaotazama. Na jina liandikwe kama lilivyo kwenye pasipoti. "Mama Shamimu" halipandi ndege.

Nije kwa huyo mwenye kadi bila sindano. Huenda amewaambia, kama wanavyosema wote, kwamba Makka hakuna homa ya manjano, hivyo sindano ni ya nini? Nusu ya maneno hayo ni kweli, na ndiyo inayonasa watu. Saudia haina homa ya manjano. Wanayo mbu wa Aedes, yule mwenye madoadoa meupe miguuni anayeuma mchana, ndiye huyo anayewasumbua na homa ya dengi Jiddah na Makka. Mbu wapo, kirusi hakipo. Wanachokiogopa ni mtu kutoka kwenye kirusi aje kuwapa mbu wao. Na kwenye kirusi ni wapi? Ni hapa kwetu.

Siku ya safari basi lenu likishuka Entebbe litapita karibu na msitu wa Zika. Mwaka 1936 ilianzishwa pale Entebbe taasisi ya kuchunguza homa ya manjano, ambayo leo ni Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Uganda. Watafiti wake walikuwa wakiweka nyani katika vizimba juu ya miti ya msitu huo ili kuona virusi vinavyopita huko juu, na mwaka 1947 nyani mmoja akawapa kirusi kingine kabisa, kilichochukua jina la msitu. Wao walikuwa wanatafuta homa ya manjano, kwa sababu ipo. Mwaka 2010 hadi 2011 iliua watu kaskazini, mwaka 2016 ikazuka Masaka, Rukungiri na Kalangala, na mwaka 2022 serikali ikaingiza chanjo yake katika ratiba ya watoto, wanapotimiza miezi 9. Inakaa kwa nyani msituni na haimaliziki. Atakayekata kuni au kulima kando ya msitu ndiye anayeileta kijijini. Kwa hiyo ukikubali kadi ya uongo umemdanganya ofisa wa Jiddah kwa wiki chache, kisha unarudi Bombo kuishi na ugonjwa wenyewe bila kinga, na ndani ya sanduku lako mna karatasi inayosema umekingwa. Siku ukiugua, ukageuka macho ya njano, daktari ataitazama kadi na kuanza kutafuta ugonjwa mwingine.

Na ofisa akiitilia shaka? Kanuni zinamruhusu kumtenga mtu hadi siku 6, maana dalili za homa hii hutokeza siku ya 3 hadi ya 6 tangu mtu aumwe na mbu. Siku 6 chumbani wakati wenzako wako Mina, na mama anakuuliza kupitia simu tembe zake ulizifunga wapi.

Chanjo ya pili ndiyo inayolazimu kwenu nyote wawili, na watu huisahau kwa kuhangaika na ile ya njano: homa ya uti wa mgongo. Hii haina kadi ya maisha. Saudia wanataka ile yenye aina nne, A, C, W na Y, ichomwe si chini ya siku 10 kabla ya kufika. Zipo namna mbili. Ya zamani inakubaliwa miaka 3, mpya ambayo wataalamu wanaiita ya kuunganishwa inakubaliwa miaka 5, na muuguzi lazima aandike ni ipi. Asipoandika watakuhesabia 3. Ukiweza kupata hiyo mpya, ichukue hata kama ni ghali kidogo. Ya zamani inakukinga wewe usiugue, lakini haimwondoi sana mdudu anayekaa kooni kimya, na mdudu huyo ndiye anayepanda ndege kurudi nyumbani. Mwaka 1987 aina ya A ilizuka Hija. Mwaka 2000 na 2001 ikazuka aina ya W, mahujaji wakarudi nayo makwao, na baadhi ya waliougua hawakuwa wamekwenda Makka kabisa. Walikuwa wake, watoto na wajukuu waliokumbatiwa uwanja wa ndege. Baada ya hapo ndipo sharti la aina nne likawekwa.

Hapa niwaonye vijana wa Arua, Yumbe na kaskazini kwa jumla, ikiwa mmo kundini. Wengi walichanjwa uti wa mgongo katika kampeni kubwa ya 2017 na huniambia, "Mimi nilishachomwa hiyo." Kweli walichomwa, ila ile ilikuwa MenAfriVac, ya aina A peke yake. Kwa Hija haitoshi.

Sindano mbili siku moja haziui wazee. Ya uti wa mgongo haina mdudu hai ndani yake, kwa hiyo inaweza kutolewa siku moja na ya homa ya manjano, moja kila mkono. Ukitaka kuziachanisha, hakuna ubaya, ila kalenda yako haina nafasi ya kuringa. Kanuni ya kuachanisha inahusu chanjo mbili zilizo hai zote, kwa mfano homa ya manjano na surua: ama siku moja, ama zipishane wiki 4. Pengine uvumi ulianzia hapo. Mkono utauma. Wewe uliyechomwa ya manjano huenda ukasikia homa ndogo na uchovu ndani ya wiki ya kwanza. Paracetamol na maji. Homa kali inayoendelea, kutapika, au macho kuwa ya njano ndani ya siku 10, rudi hospitali mara moja na useme umechanjwa lini. Na kwa kuwa msomaji wa Bombo si yeye peke yake anayesoma: anayetumia ARV, dawa za VVU, asidhani mlango umefungwa. Mwenye CD4, yaani hesabu ya chembe za kinga katika damu, 200 na zaidi na hali nzuri anaweza kuchanjwa baada ya kuongea na kliniki yake. Chini ya 200, hapana. Mjamzito, na anayenyonyesha mtoto wa chini ya miezi 9, aseme kabla sindano haijavutwa.

Chanjo nyingine nitazipita upesi. Mafua ya msimu: mama achomwe ikipatikana, kwa umri wake na sukari yake, nawe pia ili usimwambukize. Ya nimonia: daktari wake akiishauri na mfuko ukiruhusu, vizuri. Polio: baadhi ya misimu Saudia huidai kwa nchi fulani, orodha hubadilika, kwa hiyo wakala awaonyeshe masharti ya msimu huu yaliyotolewa na Wizara ya Afya ya Saudia, si ya mwaka jana aliyohifadhi kwenye simu. Homa ya ini aina ya B ni muhimu sana huku kwetu, lakini dozi zake 3 huchukua miezi 6, hivyo hiyo ni ya kuanza, si ya kumaliza kabla ya ndege. Kama kuna wanaume wa kwenu safarini, wakanyolewe kwa vinyozi wenye leseni na wembe mpya ufunguliwe mbele yao. Wembe wa kupokezana pale Mina hubeba homa ya ini B na C na VVU. Ninyi wanawake mnapunguza ncha za nywele tu, chukueni mkasi wenu.

Hayo ndiyo ya sindano. Lakini mama wa miaka 71 mwenye sukari, nikiulizwa nini kitamwangusha Makka, siwezi kutaja virusi kwanza. Nitataja jua. Hija ya mwaka 2024 joto lilipita nyuzi 50, na serikali ya Saudia yenyewe ilitangaza vifo 1,301, wengi wao wakiwa watu waliokwenda bila kibali, hawana hema wala basi lenye ubaridi, wakitembea juani. Jua hilo halina chanjo. Muulize daktari kuhusu tembe ya presha, hasa kama ni ile inayompeleka chooni kila mara; siku za Arafa na Mina inaweza kumkausha maji mwilini, na daktari anaweza kumpangia dozi nyingine. Msiipunguze wenyewe. Mwavuli, maji kabla ya kiu, kiti cha magurudumu kwenye tawafu na sa'i akichoka, na mambo ya sunna yanayoweza kufanywa usiku yafanywe usiku. Muulize sheikh wenu kuhusu ruhusa za wazee katika kurusha mawe. Zipo, na wazee wengi hawazitumii kwa haya.

Tembe zake ziwe ndani ya vifungashio vyake, kwenye mkoba wa mkononi, pamoja na karatasi ya daktari. Zigawe mara mbili, nusu kwako. Dawa kali za maumivu kama tramadol na zenye codeine msizibebe bila barua. Kule zinahesabiwa pamoja na dawa za kulevya.

Kisha miguu. Sukari ya miaka mingi huua hisia za nyayo, na mwenyewe hajui. Aliwahi kurudi hujaji mmoja tuliyemchanja, akapita kunisalimu na tende, anachechemea. Nikamwomba avue viatu. Nyayo zote mbili zilikuwa na malengelenge yaliyopasuka. Alipoteza ndala zake mlangoni, akavuka ua kwa miguu mitupu adhuhuri, na hakusikia kitu hadi alipoona alama za damu kwenye zulia la hoteli. Kidonda kimoja kilichukua miezi kupona. Mwanamke aliyehirimia haruhusiwi nikabu wala glavu, lakini soksi anaruhusiwa. Basi mama avae soksi nene za pamba hata kwenye tawafu, abebe ndala za akiba kwenye mfuko wa shingoni, na kila usiku wewe umtazame nyayo kwa tochi ya simu. Ukiona wekundu wowote, usingoje.

Pengine mtaandaliwa na safari ya kwenda kuona ngamia. Wapigeni picha kwa mbali. Mwaka 2012 Jiddah iligunduliwa homa ya mapafu iitwayo MERS, na ngamia ndio wanaobeba kirusi chake. Wasiguswe puani, na maziwa yao mabichi yasinywewe, hata mkiambiwa ni dawa ya sukari. Kuambiwa mtaambiwa.

Na homa ikimshika mmoja wenu siku za mwanzo kule, mtu wa kwanza atakayekuona atasema ni mafua ya mahujaji, kila mtu anakohoa. Mwambie daktari, kabla hajaandika chochote: "Tumetoka Uganda, tupimeni malaria." Makka na Madina haziambukizi malaria, kwa hiyo daktari wa kule hana mazoea ya kuiwazia. Lakini kimelea cha malaria mlichoambukizwa na mbu Bombo wiki ya mwisho kinaweza kukaa kimya wiki mbili au zaidi kabla ya homa kuanza, yaani kinaweza kuamka mkiwa Mina. Lala ndani ya chandarua mpaka usiku wa mwisho. Wengi hukifungua mapema kwa ajili ya wageni wanaokuja kuaga.

Kesho asubuhi, basi, chukua pasipoti zote mbili, kadi ya zamani ya mama na mfuko wake wa dawa, mwende kwanza kwa daktari wake, kisha kituo cha chanjo kilichoidhinishwa na Wizara ya Afya, si duka la dawa lenye bango. Mama avae nguo yenye mikono mipana inayopanda hadi begani. Baada ya sindano mtakalishwa kwenye benchi kama nusu saa ili mzio ukitokea tuuone, na kabla ya hapo kuna foleni, kwa hiyo mbebee mama uji kwenye chupa; foleni ya msimu wa Hija haijali sukari ya mtu.